Mama Atarudi King'ora Kikilia

Mwalimu Faith, pamoja na nyinyi wengine mliobaki na makamasi ya chekechea yetu hapa Elburgon, najua mpaka leo mna kinyongo kidogo na mimi kwa ile siku yangu ya mwisho. Mpango wenu ulikuwa mzuri. Watoto wakishashika vikombe vya uji, mimi nipitie mlango wa nyuma, nizunguke jikoni, nipotee, na kesho yake muwaambie Ticha Kariuki amesafiri. Hakuna machozi, hakuna kelele. Nikakataa, na darasa zima likalia mpaka mwalimu mkuu akaja mbio akidhani kuna nyoka. Mliponiuliza kwa nini, niliwaambia ni stori ndefu. Sasa nimestaafu, muda ninao, na kuku wangu hawana hamu ya stori. Kwa hivyo ketini.

Mambo ya vyeo tuyaache. Niliingia nikiitwa ticha na nikatoka nikiitwa ticha. Mambo ya mshahara nayo tusiyaguse, mchana bado ni mzuri.

Mimi sikuja shuleni kufundisha nasari. Nilitaka darasa la saba, hesabu, niwe mwalimu wa kuogopwa, wa kutembea na chaki sikioni. Mwalimu mkuu wa wakati huo akaniambia nafasi iliyopo ni ya chekechea tu, nikitaka nichukue, nisipotaka kuna wengine. Nikachukua. Nilikuwa kijana mrefu, mweusi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Nikaingia darasani na suti ya harusi ya kaka yangu. Msichana mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akaniangalia kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka usoni, kisha akaniuliza, "Wewe ni baba ya nani?"

"Mimi ni mwalimu."

Akacheka. Kisha akaenda kuwaita wenzake waje wacheke pia.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Tabitha. Nyinyi hamkumkuta. Alikuwa mama mfupi, mnene kiasi, na sweta yake ya kijivu ilikuwa na mifuko iliyolegea kama viwele vya ng'ombe. Ndani ya mifuko hiyo mlikuwa na pini, hanchifu, kipande cha mkate, kamba ya kiatu, vifuniko vya soda vya kuhesabia, na wakati mwingine kifaranga. Alinivuta shati na kuniambia, "Piga magoti."

Nilidhani anataka tuombe. Nikapiga magoti, nikafumba macho.

"Fumbua macho, wewe. Sasa ongea nao."

Nikafumbua, na kwa mara ya kwanza nikaziona nyuso zao. Kumbe wakati wote nilikuwa naongea na utosi wa vichwa. Hilo ndilo somo la kwanza, na mkisahau mengine yote mlishike hilo: mtoto akiongeleshwa na mtu aliye juu anasikia sauti tu, kama mvua kwenye mabati. Shuka. Magoti yataumia, ndiyo. Yangu sasa yanalia kama mlango wa stoo. Lakini ile suti ya kaka yangu ilitoboka magotini kabla ya muhula kuisha, na kufikia hapo hakuna mtoto aliyeuliza tena mimi ni baba ya nani.

Mwalimu Tabitha hakuwa mtu wa maneno mengi kwa mtoto anayelia. Sisi wengine tuna hotuba. "Nyamaza, mtoto mzuri halii, angalia wenzako, polisi atakuja." Yeye alikuwa anashuka, anampangusa pua, na kumwambia kitu kimoja tu, kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa: "Lia tu. Ukimaliza, uji uko."

Basi. Halafu anaendelea na kazi yake. Mtoto analia, anaangalia kama kuna mtu ameshtuka, anaona hakuna, anakumbuka uji. Niliona neno hilo likifanya kazi mara nyingi hata nikajaribu nyumbani kwa mke wangu. Huko halikufanya kazi.

Jambo lake la pili lilikuwa uongo. Aliuchukia kama alivyouchukia moshi wa jikoni. "Kariuki," alikuwa akiniambia, "ukimdanganya mtu mzima atasahau, ana shida zake. Mtoto hana shamba, hana mkutano wa kanisa, hana kitu kingine cha kufanya. Atakumbuka."

Nikaja kuona mwenyewe. Kulikuwa na mvulana aliyekuja shule na kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi. Elburgon ni baridi, nikaona ni sawa. Lakini hata jua likiwaka haitoi. Ukiigusa, analia kama nguruwe. Tukaimba wimbo wa "hiki ni kichwa, haya ni masikio", wenzake wote wakashika masikio, yeye akashika kofia kwa mikono miwili. Mwishowe nikamwita mama yake, nikamuuliza kama mtoto ana kidonda. Mama akaangalia chini. "Mwalimu, nilimwambia tu akikataa kumaliza chakula, ticha atamkata masikio."

"Nitamkata na nini?"

"Sikufikiria mpaka hapo."

Maskini mtoto alikuwa anafikiria mpaka hapo kila siku, na zaidi, kwa sababu nilikuwa na makasi ya karatasi mezani. Tafadhali, waambieni wazazi: wasitutumie kama zimwi. Daktari naye wasimtumie, wala polisi, wala yule mama wa kuuza mitumba. Siku mtoto akihitaji mmoja wetu kweli, atakimbilia wapi?

Si kila ujanja wangu ulifaulu, msije mkadhani. Nilikuwa na mtoto wa kuuma. Huyo alikuwa hachagui, mkono, bega, hata dawati. Nikamchunguza nikaona anauma akibanwa na wenzake kwenye foleni, meno yanataka kazi. Nikaanza kubeba karoti. Huku kwetu karoti si kitu cha kutafuta, zinaanguka zenyewe kwenye lori. Nikimwona anakunja uso, nampa karoti, anatafuna, hatari inapita. Nikajisifu sana. Wiki iliyofuata darasa nusu lilikuwa linaumana. Walikuwa wameona vizuri jinsi karoti inavyopatikana. Mwalimu Tabitha alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo.

Ujanja wa sweta ndio uliodumu. Usimuulize mtoto, "Utavaa sweta?" Jibu unalijua. Muulize, "Tunaanza na mkono gani?" Anafikiria mkono, anasahau kukataa. Ila jiandae, kwa sababu wanajifunza haraka. Mmoja alikuja baadaye na kikombe chake akaniuliza kwa upole, "Ticha, utaniongeza uji sasa ama baada ya kunipa mkate?"

Sasa nifike kwa Cherono, maana ndiye stori yenyewe.

Cherono aliletwa na mama yake muhula ulipokuwa umeanza. Alikuwa mdogo, mwenye macho makubwa na gambuti nyekundu, vile viatu virefu vya mpira vya matope. Mama yake alikuwa akipanga mbao kwenye kiwanda kule chini, kile kilichokuwa na king'ora. Baba hayumo kwenye stori hii, na hata wakati ule hakuwemo. Mwanzoni mama alikuwa akifanya kazi na mtoto mgongoni, mpaka nyapara akamwambia, na kusema kweli alikuwa na haki, kwamba mtoto na misumeno havikai pamoja. Mchana haikuwa shida. Karibu na lango la kiwanda kulikuwa na mama wa hoteli aliyekubali Cherono alale kwenye benchi lake, na kutoka dirishani mtoto alikuwa anamwona mama yake akipanga mbao. Lakini asubuhi hoteli ilijaa watu wa chai, hapakuwa na benchi. Kwa hivyo asubuhi ilikuwa ni sisi.

Mnajua desturi ya langoni. Iko mpaka leo. Mama anafika, mtoto amemshika sketi, na mama wote waliosimama pale wanamshauri kwa sauti moja: "Toroka! Si utoroke tu, atazoea!" Basi yule mama anaonyesha kidole juu: "Angalia ndege!" Mtoto akiinua kichwa, mama ameshaingia nyuma ya ua wa kayaba, anakimbia akiwa ameinama kama mwizi wa mahindi. Wanafundishana hivyo, mama kwa binti, na wanafanya kwa huruma. Hawataki kuona machozi.

Mama Cherono akafuata ushauri. Siku ya kwanza ilikuwa ndege. Ya pili ikawa ng'ombe. Ya tatu ikawa lori la magogo, na lori lilikuwa la kweli. Cherono aligeuka kila mara, na kila mara aliporudisha macho, mama hayuko.

Watoto wengi hulia, kisha huzoea. Cherono hakulia sana. Yeye aliacha kugeuka.

Nikimwambia, "Cherono, tazama picha ya ng'ombe," hageuki. Wenzake wakipiga kelele, "Angalia, angalia, kinyonga!" darasa zima linakimbilia dirishani, yeye amekaa, macho kwa mlango. Uji hanywi. Ilinichukua muda kuelewa hilo la uji, kwa sababu alikuwa na njaa, unaona kabisa. Kumbe kunywa uji lazima uangalie ndani ya kikombe. Na ukiangalia ndani ya kikombe, huangalii mlango.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mama yake aliniambia akiwa amesimama langoni, vumbi la mbao kwenye nywele. "Mwalimu, hata chooni siwezi kwenda peke yangu. Anakaa nje ananishikilia kidole chini ya mlango."

Nilitaka kucheka, nikaona hacheki.

"Asubuhi ananing'ang'ania mpaka nachelewa. Nyapara amesema nikichelewa tena nitafute kazi kwingine. Na mamangu ametuma neno kutoka Keringet. Anasema nimpelekee. Asipoona mabadiliko atakuja mwenyewe Ijumaa ya mwisho wa mwezi kumchukua."

"Kogo wake, huyo nyanya, si mzuri?"

"Ni mzuri sana. Ana ng'ombe, ana maziwa, atamlea vizuri kunishinda." Akajipangusa uso na mkono, vumbi la mbao likabaki shavuni. "Lakini nikimpeleka huko, mwalimu, nitakuwa yule mtu wa kuleta sukari Krismasi. Ataniita kwa jina."

Hapo niliumia. Nina watoto, na nilijua anachosema. Keringet si mbali, unapanda milima tu na baridi inaongezeka, lakini kwa mtu anayepanga mbao wiki nzima ni kama ng'ambo ya bahari. Mtoto angeenda akiwa na miaka mitatu na kurudi akiwa mgeni.

Nikamweleza Mwalimu Tabitha. Alikuwa anashona kifungo cha mtu. Akasema, "Huyo mtoto hajakataa shule. Anachunga mama. Mwambie mama aache kutoroka. Amwambie anaenda, na amwambie anarudi lini."

"Lini? Mtoto wa miaka mitatu, saa sita ni nini kwake?"

Wakati huo huo king'ora cha kiwanda kikalia. Nyinyi hamkijui. Kilikuwa kinaanza chini kama ng'ombe anayejikuna koo, kinapanda, kinapanda, kinakaa huko juu mpaka mbwa wote wa Elburgon waitikie. Kilikuwa cha chakula cha mchana. Wafanyakazi wote waliachiliwa kwa king'ora hicho, na mama Cherono alikuwa mmoja wao. Mwalimu Tabitha akakata uzi kwa meno, akaniangalia. Nami nikamwangalia.

Kesho yake asubuhi nilipiga magoti langoni, kwenye matope, kati ya mama na mtoto. Nikamwambia mama aseme. Akashuka naye, akamshika mikono.

"Cherono, mama anaenda kazi. King'ora kikilia, mama atarudi."

Haki, kilio alichotoa mtoto yule! Mama wa langoni wakanigeukia. "Mwalimu, wewe pia! Si angetoroka tu, ona sasa!" Mmoja akaniuliza kama nimesomea kuliza watoto. Mama Cherono akaondoka akitembea, si kukimbia, kama tulivyokubaliana, na aligeuka akapunga mkono, na yeye pia analia. Nikabaki na gambuti nyekundu zikinipiga tumboni.

"Lia tu," nikamwambia. "Ukimaliza, uji uko."

Hakumaliza. Alilia mpaka mchana, akipumzika kidogo kama fundi. Kisha king'ora kikalia. Akanyamaza katikati ya kilio, mdomo wazi. Na kabla mbwa hawajamaliza kuitikia, mama yake akatokea barabarani akikimbia, sketi ameishika, vumbi la mbao linapeperuka nyuma yake.

Siku iliyofuata alilia tena, lakini kwa adabu. Halafu ikawa kulia langoni tu. Halafu ikawa ni swali. Kila baada ya wimbo mmoja ananivuta suruali: "Ticha, king'ora kiko wapi?" "Kimelala bado." "Kiamshe." Nilimwelezea siwezi, kina wenyewe. Akaanza kunywa uji, jicho moja ndani ya kikombe, jicho lingine mlangoni, sijui alifanyaje. Na asubuhi moja, nikiwa nimechora ng'ombe wangu ubaoni na kuwaambia watazame, nikamwona Cherono amegeuza kichwa. Ameangalia. Kifua changu kikajaa.

"Huyo ni mbuzi," akasema.

Mama naye aliacha kuchelewa. Kuaga mtoto vizuri ni haraka kuliko kumtoroka, wazazi hawaamini mpaka wajaribu. Unashuka, unasema unaenda, unasema unarudi lini, unaenda. Usirudi dirishani kuchungulia. Usiage mara tano. Na ukisema unarudi, rudi.

Tukafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi tukiwa na furaha, tumesahau kidogo kuhusu Keringet. Keringet haikuwa imetusahau.

Kogo alifika karibu na mchana. Mama mrefu, mwembamba, shuka ya mistari mabegani, gambuti za shamba, na mkononi begi kubwa tupu, lililokunjwa. La nguo za mtoto. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari ya nyumbani, habari ya mvua, habari ya ng'ombe wangu ambao sikuwa nao. Kisha akakaa kwenye jiwe karibu na lango. "Nitamngoja mama yake. Nione kwa macho yangu."

Cherono alikuwa na desturi yake kufikia hapo. Karibu na mchana anachukua kikombe chake, anakaa chini ya nguzo ya lango, anasubiri king'ora. Alimsalimu kogo wake, akakaa karibu naye. Mambo yalikuwa mazuri. Nikajiambia, kogo ataona.

Na siku hiyo, siku hiyo hiyo, stima ikapotea mji mzima.

Kiwandani nyapara akawaachilia watu kwa filimbi. Huku shuleni hatukusikia kitu. Tuliona tu mama Cherono akitokea barabarani akikimbia kama kawaida, sketi mkononi. Akamwona mama yake na lile begi. Akapunguza mwendo. Akafika, akamsalimu kwa heshima, kisha akamnyoshea mtoto mkono.

"Cherono, twende."

Cherono akamwangalia. Hakuinuka.

"Bado."

"Bado nini? Mama nimekuja."

"King'ora bado."

"Hakitalia leo, mama. Stima imepotea. Twende."

"Bado," akasema Cherono, na akashika nguzo ya lango kwa mikono miwili.

Mama akajaribu kumvuta, mtoto akaanza kupiga kelele. Kogo akainuka kwenye jiwe. Akalikunjua lile begi.

"Umeona mwenyewe," akamwambia binti yake, si kwa ukali. "Mtoto hata hataki kuja kwako. Amekukataa. Niletee nguo zake, twende kabla mvua haijashuka."

Mama Cherono alisimama tu, mikono inaning'inia, machozi yanashuka kwenye vumbi la mbao. Mimi ni mtu wa kuheshimu wazee, na kogo wa watu si mtu wa kubishana naye langoni. Lakini nilipiga magoti, maana mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kufanya kazi huko chini, nikamwambia, "Kogo, naomba unisikie. Hajamkataa. Mama yake alimwambia atarudi king'ora kikilia. Kila siku kimelia, kila siku amerudi. Mtoto ameshika neno la mama yake. Anangoja mama yake asiwe mwongo."

Kogo akamwangalia mtoto kwenye nguzo. Akamwangalia binti yake. Watoto wengine walikuwa wameshakusanyika na vikombe vyao, maana hakuna kitu wanapenda kama watu wazima wakigombana.

"Hicho king'ora," kogo akaniuliza mwishowe, "kinalia aje?"

"Kinaanza chini, kogo. Halafu kinapanda."

Akaliweka begi juu ya jiwe. Akarekebisha shuka yake. Akaweka mikono magotini, yule mama mwenye ng'ombe na heshima zake zote, akainua uso.

"Uuuuuuuuuu!"

Cherono akageuka. Akamwangalia kogo kwa makini sana, kama mnunuzi wa kondoo. Akatikisa kichwa.

"Kinaliaga kirefu."

Kogo akavuta pumzi. Safari hii alianzia huko kwenye gambuti. Kikapanda, kikapanda, na kilipofika juu mtoto wa kuuma akakiingilia, kisha wote, chekechea nzima, vikombe juu, wakilia kama viwanda. Mwalimu Tabitha akatoka jikoni na mwiko akidhani kuna moto. Mimi nililia king'ora. Mama Cherono alilia vyote viwili. Na mbwa, naapa, mbwa wa Elburgon wakaitikia.

Cherono akaachilia nguzo. Akainuka, akapangusa matako, akampa mama yake kikombe ambebee, na mkono.

"Sasa twende," akasema.

Kogo alikuwa anahema. Akalichukua begi, akalikunja tena, polepole, kona kwa kona. Nilimsikia akimwambia binti yake, "Wacha abaki. Nikienda naye, wewe utakuwa unatoka hapo kiwandani ukikimbia kwenda kwa nani?" Akapanda kurudi Keringet na begi tupu. Baada ya hapo alikuwa akituma maziwa.

Cherono alikua, akapita darasa moja mpaka lingine, akahama na mama yake kwenda Nakuru mjini. Kiwanda kilifungwa, na king'ora nacho kikanyamaza. Mwalimu Tabitha alistaafu, akanipa pini zake. Mifuko ya sweta alienda nayo. Tangu hapo nimetumia alama nyingine na watoto wengine: ukishakunywa uji, ukishacheza, ukishalala, baba anakuja. Mtoto hajui saa, lakini anajua kitu kinachofuata kingine. Kila nyumba ina king'ora chake, ukitafuta.

Siku hizi watu wa langoni wamebadilika, ndege amekuwa simu. Mwaka huu baba mmoja kijana alimleta Njeri kwa pikipiki, akaninong'oneza, "Niaje ticha, si nimwekee katuni hapa kwa simu, akizubaa nichomoke?"

"Hapana, boss. Shuka hapo kwa pikipiki, piga magoti."

"Ticha, nimevaa jinzi mpya!"

"Mimi nilivaa suti ya harusi."

Akapiga. Njeri akalia, akamaliza, akanywa uji. Mnamjua Njeri, Faith, ndiye yule wa kuwapanga wenzake kwa foleni akidhani ameajiriwa.

Sasa mnaelewa ule mlango wa nyuma. Nimesimama langoni miaka yangu yote nikiwaambia wazazi wasitoroke, halafu mimi nipite jikoni nimeinama kama mwizi wa mahindi? Ndiyo maana nilipiga magoti mbele ya darasa nikawaambia. "Leo ni siku yangu ya mwisho. Naenda nyumbani kulima karoti."

Njeri akauliza, "Utarudi nini ikilia?"

Hilo swali sikuwa nimelitarajia, na mlinisikia nikikwama. Ningeweza kusema kengele. Ningeweza kusema jogoo. Nikasema, "Hakuna, Njeri. Sirudi. Mtabaki na Ticha Faith, na atawapenda."

Ndipo walipolia, na ndipo uliponiangalia vibaya, Faith. Ila kuna kitu hukukiona, kwa sababu ulikuwa umebeba wawili na wa tatu amekushika mguu. Mimi pia nilikuwa nalia. Nikatafuta hanchifu mfukoni, hakuna, zote zilikuwa zimebanwa kwa pini kwenye vifua vya watoto. Nimepiga magoti pale, mzee mzima, napangusa pua na mkono wa koti, Njeri akaja na kikombe changu amekishika kwa mikono miwili, uji umejaa mpaka unamwagika. Tukaangaliana ana kwa ana.

"Lia tu, ticha," akaniambia. "Ukimaliza, uji uko."

Nikalia, nikamaliza, nikanywa. Kisha nikainuka, nikawapungia mkono wote, nikatoka kwa mlango wa mbele.